Mtani Wangu Niliyempeleka Ofisini

Jumatatu, 18 Machi 1996

Mwandiko huu mbaya ni wa mkono wa kushoto. Bi Judith amesema niandike kila siku, hata mstari mmoja, ili mkono ujifunze. Akasema pia kuandika kunatuliza moyo. Moyo wangu haujambo. Kinachonisumbua ni mkono wa kulia, ambao tangu Novemba una kidole gumba na kile cha mwisho tu. Vile vitatu vya katikati vilibaki kwenye mashine ya kusokotea kamba. Nimechoka, mstari umepanda mlima. Kesho.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Nimeandika jina langu, Anselmi, ukurasa mzima, mpaka mke wangu Felista akauliza kama naogopa kulisahau.

Alhamisi, 21 Machi

Leo nimekwenda kiwandani kwa Bi Judith. Amepewa chumba kidogo nyuma ya zahanati, na meza na viti viwili. Mwekezaji aliyenunua kiwanda chetu cha kamba kutoka serikalini ndiye aliyemleta kutoka Dar es Salaam, na kazi yake ni kuwarudisha kazini walioumia na waliougua. Wenzangu wanamwita mshauri nasaha. Mimi namwona ni binti anayelingana na mwanangu wa kwanza, tena anauliza mambo ambayo mtu mzima haulizwi.

"Ukiwaza kusimama tena mbele ya mashine, baba, unasikia nini mwilini?"

Nikamwambia nasikia njaa. Akacheka, akaandika kitu. Sijui kama ameandika njaa.

Nilipotoka zamu zilikuwa zinabadilishana, kwa hiyo nikakutana na watu wote getini. Walinisalimu vizuri. Tatizo ni macho yao. Mtu anasema "Pole sana, Bwana Anselmi, Mungu ni mwema," huku anatazama mawingu ya Uluguru kama vile ndiyo yaliyokatika vidole. Nilikuwa nimeuficha mkono kwenye mfuko wa koti na bado waliukwepa.

Halafu nikasikia sauti kutoka upande wa ufungashaji. "Jamani! Mluguru kaja! Hebu toa huo mkono niuone, unauficha kama umeiba!"

Huyo ni Mwaisha, mama wa ufungashaji. Yeye ni Mnyamwezi wa Tabora, mimi Mluguru wa Mgeta kwenye mboga na karoti, basi sisi ni watani tangu kabla hatujazaliwa, na katika kiwanda hiki tumetaniana tangu sote hatuna mvi. Akaja mpaka pale, akauchomoa mkono wangu mfukoni bila kuomba ruhusa, akaugeuza huku na huku.

"Vidole umevipeleka wapi? Umevipanda kwenu Mgeta? Ehe! Mwaka huu tutakula karoti zenye kucha!"

Watu wakashtuka. Mimi nikasema, "Nyamaza, mpagazi wewe. Babu yako alipita hapa na mzigo kichwani akaomba maji, tukamnyima."

"Na wewe sasa ukihesabu unaishia saba. Ya nane utakuja kuniazima mimi!"

Nilicheka mpaka machozi. Sijacheka hivyo tangu Novemba. Na huku anapiga kelele zake, vidole gumba vyake vilikuwa vinapapasa kovu taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba. Baada ya hapo wengine nao wakausogelea, wakautazama mkono, wakauliza kama unauma mvua ikinyesha. Unauma.

Jumapili, 24 Machi

Kanisani, hapa kwetu Bigwa. Wakati wa kupeana amani nimetoa mkono wa kushoto. Jirani yangu kwenye benchi naye akatoa wa kulia, tukahangaika hapo kama watoto.

Jumatano, 27 Machi

Imepangwa nirudi kazini Jumatatu. Bi Judith ameongea na msimamizi, nitakuwa kwenye mashine ileile ila pembeni ya Lukasi, ambaye atafanya kazi ya vidole na mimi nitaangalia uzi na kusimamisha mtambo uzi huo ukikatika. Nikamwambia sawa. Akaniuliza mara mbili kama kweli ni sawa, nikaona kama ananidharau.

Mjini maneno ni mengi. Wanasema mwekezaji atapunguza watu mwisho wa Aprili, na watakaotangulia ni wasioweza kazi na wenye kesi ofisini. Felista amenisikiliza nikimhadithia, kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimekwenda kazini. Nimerudi nyumbani kabla ya saa nne. Mvua kubwa. Sitaki kuandika.

Jumatano, 3 Aprili

Nitaandika, kwa kuwa Bi Judith ameapa kwamba daftari hili halisomi, na Felista hasomi mwandiko huu hata akitaka.

Juzi asubuhi niliingia vizuri. Mwaisha alikuwa mlangoni na wenzake wa ufungashaji. "Fungueni mlango wote, Mluguru anapita, mguu mmoja mrefu mwingine mfupi kwa kukaa milimani, na sasa kaamua na mikono ipishane!" Nikamjibu, sikumbuki nini. Tukacheka. Nasema hapa wazi, ili hata mimi mwenyewe nisije nikajidanganya baadaye: tulicheka, na moyo wangu ulikuwa mweupe.

Nikasimama kwenye nafasi yangu. Lukasi akawasha mashine.

Ule mlio. Ulianza chini, ukapanda, na nilipoona uzi unavutwa kuingia kwenye meno ya chuma, miguu ilikataa. Nilitaka kushika nguzo, nikaikamata kwa mkono wa kulia, nao hauna cha kushikia, nikateleza. Halafu nikasikia joto kwenye mapaja. Nilijikojolea. Mimi, baba wa watoto wanne, mzee wa jumuiya, nilijikojolea mbele ya mashine niliyoiendesha ujana wangu wote.

Sijui nani aliona. Nilitoka mbio kwa mlango wa nyuma, nikaingia kwenye mvua, na sijawahi kuishukuru mvua kama siku ile. Nilipofika Bigwa nilikuwa nimelowa chapachapa, Felista akaona ni mvua tu.

Jana Bi Judith akaja nyumbani. Aliacha viatu vyake vyenye matope nje, akaketi mkekani na Felista, akapokea chai. Nikamheshimu kwa hilo. Halafu akauliza, kwa ile sauti yake ya taratibu, "Baba, kitu gani kilikuondoa jana?"

Felista alikuwa ananitazama. Ningeweza kusema niliogopa. Ni neno dogo, hata mtoto analo. Lakini nilijua likitoka hilo, linafuata la pili: huyu hawezi tena kazi. Na la tatu lingekuwa suruali. Nikatafuta mlango mwingine wa kutokea, na uliokuwa wazi ulikuwa mmoja.

"Kuna mama mmoja wa ufungashaji," nikasema. "Alinitukana mbele ya watu kwa sababu ya mkono. Nikashindwa kuvumilia."

"Alisema nini?"

Nikamrudia yote. Karoti zenye kucha, kuhesabu mpaka saba, mikono kupishana. Yakitoka kwenye kinywa changu, bila kile kicheko chake, yalikuwa matusi matupu. Bi Judith akaacha kunywa chai.

Felista akasema, "Unamsema Mwaisha? Si mtani wako huyo?"

Nikamwambia asiingilie mambo ya kazi. Sikuwahi kumwambia hivyo mbele ya mgeni.

Ijumaa Kuu, 5 Aprili

Kabla ya ibada nimeungama. Nikamwambia padri nimesema uongo. Akauliza kama umemdhuru mtu. Nikasema bado. Akanipa sala za kusali, nikazimaliza kabla foleni haijafika mwisho.

Jumapili, 7 Aprili

Pasaka. Wali na kuku. Sikusikia ladha.

Jumanne, 9 Aprili

Nimeitwa kwenye kikao cha nidhamu Alhamisi. Nilidhani ni mimi nashtakiwa kwa kutoroka kazini. Kumbe ni Mwaisha. Mimi ndiye mlalamikaji.

Nilikwenda kwa Bi Judith nikamwambia tuyaache, yameshapita. Akasema, "Baba, usiogope kumtaja mtu aliyekuumiza. Wengi wanarudi nyumbani kimya, wanapoteza kazi, na aliyewadhihaki anabaki. Safari hii haitakuwa hivyo." Macho yake yalikuwa yanang'aa. Ananipigania, huyu binti. Nikakosa pa kuanzia, nikamshukuru.

Alhamisi, 11 Aprili

Kikao kilikuwa ofisini kwa Bwana Raphael, ofisa utumishi aliyekuja na mwekezaji. Kulikuwa na yeye, Bi Judith, na Benedikto wa chama cha wafanyakazi. Mwaisha aliketi kwenye kiti cha karibu na mlango, amevaa khanga mpya. Nilipoingia alinifanyia uso wa mzaha, akakunja vidole vitatu akanipungia. Alidhani na mimi nimeitwa kushtakiwa pamoja naye. Mungu wangu.

Bwana Raphael akasoma. "Mama Mwaisha, ulimwambia huyu bwana kwamba vidole vyake vitaota karoti?"

"Nilimwambia."

Benedikto alikohoa kuzuia kicheko. Bwana Raphael akamtazama mpaka akatulia.

"Ulimwambia hataweza kuhesabu zaidi ya saba?"

"Nilimwambia. Nikamwambia ya nane aje kuazima kwangu." Akanigeukia. "Si ndiyo, Mluguru?"

"Zungumza na mimi," Bwana Raphael akasema. "Hapa si kijiweni. Mwenye kiwanda hataki mfanyakazi aliyeumia adhihakiwe mpaka akimbie kazi. Bwana Anselmi amekimbia kazi kwa sababu yako."

Hapo ndipo Mwaisha alipoacha kutabasamu. Alinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake aseme jamani tunatania. Kisha Benedikto, ambaye ni Mkaguru wa Gairo na anajua utani ni nini, akainama mbele akaniuliza polepole, kama mtu anayemwekea mwenzake ngazi ashukie: "Anselmi. Huyu si mtani wako?"

Ilitosha kusema ndiyo. Mambo yote yangeishia pale, tungetoka tukicheka, na mimi ningeulizwa swali moja tu: basi wewe ulikimbia nini?

Nikasema, "Utani nao una mipaka yake."

Nilisikia kiti cha Mwaisha kikilia. Sikutazama. Bwana Raphael akamuuliza kama ana la kujitetea. Nikajua sasa atasema, maana kama kuna mtu aliyeona suruali yangu siku ile ni yeye, alikuwa bado amesimama mlangoni, usawa wa mashine. Nilikaza meno.

Akasema, "Sina. Kama ameumia, nimekosa."

Basi.

Ijumaa, 12 Aprili

Siendi popote. Mvua.

Jumanne, 16 Aprili

Mwaisha amesimamishwa. Atakaa nyumbani hadi majina ya wanaopunguzwa yabandikwe, na kila mtu anajua maana yake. Analea wajukuu wawili kule Mwembesongo, mama yao alishafariki, na hawana mwingine.

Mimi nimerudishwa kazini, ufungashaji, mbali na mashine. Nimekaa kwenye benchi lake. Wananisalimu vizuri sana.

Jumatano, 17 Aprili

Wananisalimu vizuri sana.

Ijumaa, 19 Aprili

Njia ya Bigwa imekuwa tope tupu. Bi Judith amenipongeza kwa kurudi. Amesema nimekuwa mfano kwa wengine. Nikainama kufunga kamba za viatu, na viatu nilivyovaa havina kamba.

Kila siku anataka tusogee karibu na mashine kidogo. Jana tulisimama mlangoni tu, akaniambia nipumue, nisikilize mlio mpaka uwe mlio tu. Nilipumua. Anajua kazi yake kuliko nilivyomdhania, na ndiyo maana nashindwa kumtazama: kazi yake ni kuamini anachoambiwa, na mimi nimemwambia uongo.

Jumatatu, 22 Aprili

Leo nimejua jambo ambalo afadhali nisingelijua.

Wakati wa chakula Lukasi aliketi kando yangu. Tangu kikao hakuwa amekaa na mimi. Akala ugali wake wote, kisha akasema bila kunitazama, "Siku ile ulipokimbia, Mwaisha alileta ndoo na tambara, akadeki pale uliposimama. Msimamizi akamuuliza kuna nini, akasema paa linavuja."

Nikaacha kula.

"Pale paa halivuji, Anselmi. Wewe na mimi tumefanya kazi pale masika ngapi? Halijawahi kuvuja." Akanawa mikono. "Mimi nilijua, na yeye alijua. Nikangoja nisikie atakavyokutania, maana kwa mtani hiyo si zawadi hiyo? Mluguru kajikojolea! Angeishi nayo mpaka kaburini. Hakusema. Hata kule ofisini wanapomwondoa kazini, hakusema."

Akaondoka. Nilibaki na bakuli langu.

Sina neno la Kiswahili la hali niliyo nayo. Aibu ninaijua, niliivaa siku ya suruali. Hii ni nyingine. Ile ya suruali ilinipata tu, kama ugonjwa. Hii nimeitengeneza mwenyewe, kwa akili timamu, nikiwa nimekaa kwenye kiti. Mwanamke mwenye mdomo mkali kuliko wote kiwandani, aliyeweza kunimaliza kwa sentensi moja, alipiga magoti akafuta mkojo wangu akanyamaza. Na mimi nikasema utani una mipaka yake. Kumbe mipaka anaijua yeye. Mimi ndiye siijui.

Jumanne, 23 Aprili

Nimemwambia Felista kwanza. Alikuwa anapalilia maharage nyuma ya nyumba, na nilimwambia nikiwa nimesimama, nimeshika jembe lake. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atanihurumia kwa habari ya suruali. Akasema, "Wajukuu wa Mwaisha wanakula nini wiki hii?" Akaendelea kupalilia.

Mchana nikamwambia Bi Judith. Kwake ilikuwa ngumu zaidi. Uso wake ulibadilika, akaiweka kalamu chini. Nilidhani atatumia ile sauti yake ya taratibu, kwamba hofu si kosa, kwamba mwili unakumbuka. Alisema hayo, ndiyo, lakini baadaye sana. Kwanza alisema:

"Mimi ndiye niliyeandika taarifa. Niliandika kwamba yule mama ni hatari kwa wagonjwa. Nilitoka Dar es Salaam na vyeti vyangu, sikumuuliza hata mtu mmoja hapa kama ninyi ni watani."

"Mke wangu alikuambia, mwanangu."

"Alisema. Wewe ukamnyamazisha, na mimi nikakufuata wewe." Akafuta macho kwa haraka. "Nitamwambia Bwana Raphael nilikosea. Lakini haitatosha, baba. Uliyesema ni wewe. Watanisikiliza mimi, kisha watasema mlalamikaji yuko wapi?"

Nikamwomba anisemee habari ya suruali, aiseme kwa lugha ya kitaalamu. Akakataa. Nilimchukia kama dakika hivi.

Ijumaa, 26 Aprili

Muungano. Kiwanda kimefungwa. Nimeshinda ndani, mvua haijakatika. Majina yatabandikwa Jumanne.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimesema.

Kilikuwa chumba kilekile na watu walewale. Mwaisha aliitwa, hakujua anaitiwa nini, na aliketi kiti kilekile cha mlangoni. Safari hii hakunifanyia uso wowote. Khanga ilikuwa ya zamani.

Bwana Raphael akasema, "Bwana Anselmi anaomba kufuta malalamiko. Sababu?" Alikuwa anatazama saa. Nilielewa kwamba kama nitatoa sababu nyepesi, nimesamehe, tumepatana, atasema vizuri, lakini matusi yalisemwa, na jina litabaki kwenye orodha.

Nikasimama. Nilisema kwamba Mwaisha ni mtani wangu na hakuna siku amewahi kunitukana. Nikasema nilikimbia kwa sababu niliiogopa mashine.

"Hiyo tu?" akauliza. "Mbona hukusema?"

"Kwa sababu nilijikojolea."

Benedikto akatazama chini. Bi Judith alinitazama usoni moja kwa moja, na nilishika macho yake kama kamba. Nikaendelea, kwa sababu ningekaa hapo nisingesimama tena. Nikasema huyu mama alideki mkojo wangu akasema paa linavuja, na mimi nikaja hapa nikamkana mkinisikiliza.

Hakuna aliyecheka. Nilitamani mtu acheke. Katika chumba kile kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye haki ya kunicheka, na mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Alikuwa anatazama mikono yake.

Bwana Raphael akaandika. Akasema Mwaisha atarudi kazini baada ya Mei Mosi, na kwamba mimi nitapewa onyo kwa kupotosha ofisi. Nikasema asante. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kushukuru onyo ofisini kwake.

Tulipotoka nikamwita, "Mwaisha." Alikuwa ameshafungua mwavuli. Akasema, "Nawahi watoto," akaenda.

Jumanne, 30 Aprili

Majina yamebandikwa. Jina lake halimo. Langu halimo.

Jumatano, 1 Mei

Mei Mosi. Tumeandamana kwenye matope, mwekezaji katoa soda. Habari ya suruali imeshafika kila mahali, Benedikto hana kifua. Vijana wa gereji ya kiwanda wamenong'onezana nikipita. Nilidhani nitakufa. Sikufa, nikanywa soda.

Jumatatu, 6 Mei

Mwaisha amerudi. Ufungashaji wamempigia vigelegele. Nimempisha benchi lake, nimehamia karibu na mashine, tena kwa kuomba mwenyewe. Lukasi aliiwasha huku Bi Judith amesimama nyuma yangu. Miguu ilitetemeka, ikakaa.

Jumatano, 8 Mei

Nimekwenda Mwembesongo, mimi na Felista. Tulimkuta anachambua mchele uani. Akatutolea viti, akatutengenezea chai, akawaita wajukuu waje kutuamkia. Shikamoo, shikamoo. Nilisema niliyoyaandaa. Nilimwomba radhi mbele ya mke wangu na mbele ya wajukuu zake.

"Yamekwisha, Bwana Anselmi," akasema. "Sina kinyongo na wewe."

Nilijisikia mwepesi mpaka tulipofika darajani. Hapo Felista akasema, "Amekuita Bwana." Nikamwambia ni heshima tu. Akasema, "Ndiyo."

Jumamosi, 18 Mei

Siku hizi naweza kusimamisha mtambo kwa mkono wa kulia, kwa gumba na kidole cha mwisho. Bi Judith ameleta wengine wawili waliokatika vidole waje waone. Mvua imeanza kupungua, milima inaonekana asubuhi.

Alhamisi, 23 Mei

Leo nimejaribu mimi. Nilipita ufungashaji nikasema kwa sauti, "Mpagazi, mzigo wako umekaa upande!" Wenzake wakageuka, tayari kwa kicheko.

Akasema, "Samahani, Bwana Anselmi, nitauweka sawa." Na akauweka sawa.

Baadaye nilimfuata kwenye bomba la maji. Nikamwuliza, mpaka lini? Akajaza chupa yake kwanza.

"Mimi sikununii," akasema. "Nakwambia kweli kabisa, nimekusamehe. Ila utani naufanya na mtu ambaye najua hata nikimwambia nini hatanipeleka ofisini. Nikikuona wewe sasa, neno linakuja mpaka hapa," akagusa koo, "halafu nawakumbuka watoto, nalimeza. Siwezi kuulazimisha."

Alisema kwa huzuni, si kwa hasira. Ningefurahi kama ingekuwa hasira.

Jumatatu, 3 Juni

Masika imekwisha. Bi Judith anaondoka wiki hii, amepelekwa kwenye mashamba ya miwa. Amesema mimi ndiye kazi yake nzuri kuliko zote za msimu huu: mtu aliyekatika vidole na amerudi kwenye mashine ileile. Amesema naweza kuacha kuandika sasa, mkono umejifunza. Nikamwambia nitaandika leo tu.

Jumamosi nilikwenda Mgeta kuwaona ndugu, nikarudi na kikapu cha karoti na njegere. Leo nimekileta kiwandani, nikakiweka kwenye meza ya ufungashaji wakati wa chai. Sikukiweka pale kwa bahati mbaya. Mtani haombi na hanunui. Anaingiza mkono, anachagua nzuri zote, anakutukana kwa kumletea kidogo, na wewe unalalamika mpaka mnachoka. Miaka yote Mwaisha hakuwahi kuniachia hata nusu ya nilichoteremka nacho. Na hizi zilikuwa karoti. Nilimletea neno lake mwenyewe mpaka mdomoni, alichotakiwa ni kulisema tu.

Wote wakasubiri. Lukasi alisogea kutoka kwenye mashine. Mwaisha akaja, akafuta mikono kwenye khanga, akainama juu ya kikapu. Niliona bega lake likitikisika kidogo. Nikasubiri.

Akachukua karoti moja, akaitazama, akairudisha.

"Nzuri," akasema. "Fungu bei gani, Bwana Anselmi?"

"Chukua tu," nikasema. "Mwaisha, chukua tu, chukua zote."

"Hapana. Mali ya mtu hiyo. Niambie bei, wajukuu wanapenda karoti."

Alikuwa ameshafungua fundo la khanga, hela iko mkononi, na alinitazama kwa upole kabisa, kama unavyomtazama muuzaji yeyote sokoni. Watu wote walikuwa wanatutazama.

Nikataja bei.